Bawaba za Stempu

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya duka moja la asali, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Walikuwa wakiyeyusha nta. Kijana wa dukani akaniuliza, "Babu, nikusaidie nini?" Nikamwambia sihitaji kitu, napumzika tu. Niliona haya kumweleza kwamba harufu ile kwangu si ya nyuki wala ya mishumaa. Kwangu ni harufu ya bahasha.

Baba alikuwa karani katika ghala la nta na asali hapa Tabora, na barua za wanunuzi zilimjia kutoka miji ya hapa nchini na kutoka nchi ambazo sisi tulizijua kwa ramani tu. Zilikaa mezani kwake katikati ya mabonge ya nta mpaka zikashika harufu. Akimaliza kazi nazo, bahasha alituletea nyumbani Gongoni, mimi na Kulwa. Ninyi mliokua miaka ile ya mwanzo ya Uhuru mtanielewa. Vitabu vyetu vya shule vilikuwa na picha nyeusi na nyeupe, tena zilizofifia. Stempu ilikuwa picha ya rangi ambayo mtoto angeweza kusema ni yake. Tuliziloweka kwenye bakuli la maji, tukasubiri gundi ilegee, tukazianika juu ya mkeka tukiwa tumezishikia pumzi, maana upepo mdogo tu ungemchukua Malkia au simba na kumtupa kwa jirani.

Kulwa alikuwa mtoto wa mama mdogo, kutoka upande wa Igunga, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Alizaliwa pacha. Baba yake alikuwa ameamua kwamba Kulwa asome na Doto achunge, ndipo Kulwa akaletwa kwetu mjini. Tulilala kitanda kimoja na kukaa dawati moja. Alinishinda mbio, hesabu na subira. Mimi nilimshinda Kiingereza, na sikumwacha asahau.

Tulikuwa darasa la sita Mwalimu Sizya, aliyetufundisha siasa, alipotangaza kwamba Saba Saba ile shule yetu itakuwa na meza zake uwanjani. Kila mtoto alete kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Wenzetu wakaandikisha mipini ya majembe, mikeka, vyungu, mmoja hata mzinga wa nyuki. Kulwa akanyoosha mkono.

"Stempu, mwalimu."

Darasa likacheka.

"Stempu umezitengeneza wewe?"

"Hapana, mwalimu. Mimi na Rama tutatengeneza kitabu chake."

"Hapa tunaonyesha kujitegemea. Stempu zinajitegemea vipi?"

"Zina gundi yake, mwalimu, haziombi," mtu akasema kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu Sizya alingoja watu wanyamaze. "Nileteeni Ijumaa ya mwisho nikione. Kikiwa makaratasi yaliyobandikwabandikwa, mtarudi nacho nyumbani. Na yule mama wa taji simtaki kwenye meza yangu."

Nilitoka darasani nikiruka. Mimi nilifikiri haya ni mashindano, na nilikuwa nimekwisha kujiona nikipewa mkono na mgeni rasmi. Jioni ile mama akatuketisha jikoni akatueleza habari iliyoletwa na dereva wa lori. Kwao Kulwa watu walikuwa wanahamia kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilihitaji kujengwa, shamba la pamoja lilihitaji mikono, na mikono ya Doto peke yake haikutosha. Baba mdogo angekuja Tabora Saba Saba na lori la pamba, na akirudi angerudi na Kulwa.

Kulwa hakulia. Alichukua mkebe wa majani ya chai tuliowekea stempu, akaufunika kwa viganja viwili.

"Baba hajawahi kuona kitu nilichofanya shuleni," akaniambia. "Anaona viatu vinaisha tu. Akikuta kazi yangu iko mezani, na watu wanaitazama, atafikiri mara mbili."

Kwa hiyo tukaanza, mimi nikitaka zawadi, yeye akiitetea shule yake.

Shuleni kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza kuhusu kukusanya stempu, kilichokuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Nilikiazima, nikakaa nacho na kamusi kama hakimu. Kilikataza kabisa kupaka gundi nyuma ya stempu. Kila stempu, kilisema, ishikwe ukurasani kwa kitu fulani ambacho jina lake sikuwahi kulisikia. Nikafungua kamusi. Bawaba. Nikaangalia tena, nikidhani nimekosea mstari. Bawaba, chuma kinachoshika mlango.

"Una hakika?" Kulwa akauliza.

"Ni Kiingereza," nikamjibu. "Wewe huwezi kuelewa."

Tukaenda kwa Mzee Feruzi, fundi seremala, mtaa wa pili kutoka kwetu. Alifanyia kazi barazani kwake, na wazee wawili watatu walikuwa hapo kila siku wakicheza bao huku maranda yakiwaangukia miguuni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, wanangu. Mama kavunja kiti tena?"

"Hapana, Fundi. Tunataka bawaba."

"Za mlango au za sanduku?"

"Za stempu," nikasema.

Randa ikasimama. "Za nini?"

"Stempu za barua. Kitabu kinasema kila stempu iwe na bawaba."

Mzee mmoja akageuka kutoka kwenye bao. "Feruzi, waulize. Stempu zao zinafungukia ndani au nje?"

"Nyamaza wewe, hawa ni wateja." Fundi akajipangusa mikono kwenye msuli. "Kila stempu bawaba ngapi?"

"Mbili," nikasema, kwa kuwa mlango wa chumba chetu ulikuwa na mbili.

"Na kitasa?"

"Kitasa hapana," Kulwa akajibu. "Hakuna mwizi wa stempu."

Wazee walicheka mpaka kete zikamwagika. Mimi niliwaona wajinga, watu wasiojua kwamba huko Ulaya mambo yamekwenda mbali. Nilipofika sekondari ndipo nilipomwona mwalimu mmoja akitoa kibahasha cha vipande vya karatasi nyembamba, akakikunja kimoja, akakilamba, akashikiza stempu nacho. Nikamuuliza kinaitwaje. Aliponitajia jina lake, lile lile la kwenye kijitabu, nilitoka nje nikakaa peke yangu.

Lakini siku ile Mzee Feruzi alitufikiria kwa dhati. Akasema Kizungu hakijui, ila bawaba anazijua: zinashika kitu kinachofunguka. "Hapo kwenu kinachofunguka ni nini?"

"Kitabu," Kulwa akasema.

"Basi ni za kitabu. Leteni kurasa. Mbao ninazo."

Sijui kama niliwahi kuwa na siku nzuri kuliko zile zilizofuata. Kila tulipotoka shule tulitafuta karatasi. Tulikuwa na stempu moja ya kipepeo, kubwa, ya njano na kijani, na huyo ndiye tuliyemtumia kupimia. Tulimlaza juu ya ukurasa, tukarudi nyuma, tukafumba macho, tukafumbua. Juu ya daftari alikuwa kama amefungwa nyuma ya nondo, kwa sababu ya mistari. Juu ya manila nyeupe alizama. Karatasi ya mfuko wa saruji, tuliyoikung'uta mpaka tukapiga chafya, ilimfanya aonekane mgonjwa. Ile ya buluu waliyofungia sukari dukani tuliipenda kwa siku moja, kisha ikachuja rangi kwenye vidole vyetu.

Halafu tukapita kwenye studio ya mpiga picha tuliyemwita Bwana Picha. Alikuwa ametoa takataka nje, na juu yake palikuwa na karatasi nyeusi, nyeusi kabisa, ngumu na laini, zile zinazofungiwa karatasi za kusafishia picha ili mwanga usizifikie. Kulwa aliokota moja, akaniangalia, tukapiga magoti palepale vumbini. Tukamtoa kipepeo mfukoni, tukamlaza.

Aliwaka. Sina neno lingine. Ilikuwa kama mtu amewasha taa ndani ya nyumba yenye dirisha la rangi.

"Mnazitakia nini takataka hizo?" Bwana Picha akauliza kutoka mlangoni.

"Tunataka usiku, Bwana," Kulwa akasema.

Mtu yule akatutazama, akaingia ndani, akatoka na bunda zima alilokuwa ameliweka kando.

Ugomvi ulianza kwenye kuzipanga. Mimi nilitaka alfabeti, nchi kwa nchi, kama kwenye kijitabu. Kulwa akakataa.

"Barua haikuja kwa alfabeti," akasema. "Imekuja kwa njia."

Alitaka zifuate barabara ya misafara, ile ya kale ya kutoka pwani hadi ziwani, ambayo babu yake mzaa baba aliipita akiwa na mzigo kichwani. Zile za Ulaya na Japani zingekuwa mwanzo kabisa, ng'ambo ya bahari. Halafu Bagamoyo, Morogoro, Mpwapwa, Manyoni, kila stempu chini ya mji ulioigonga muhuri. Katikati Tabora, ukurasa mzima. Kisha Uvinza na Ujiji, na baada ya maji, Burundi na Kongo.

Hapo ndipo nilipogundua nilichokuwa nimekifanya. Kwa muda mrefu nilikuwa nikichukua stempu zenye muhuri mweusi na kuzisugua kwa limau, polepole, nikiamini kwamba muhuri ni uchafu wa posta na stempu nzuri ni ile iliyo safi. Nilizileta kwa majivuno, zimepauka kama shati la zamani. Kulwa akaziinua moja moja kwenye mwanga.

"Rama, umefuta mji," akasema.

Miji niliyoifuta siijui hadi leo, na nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba sikuishia kwenye stempu.

Kwa kuwa bawaba zilikwenda kwenye jalada, stempu tulizibandika kwa uji wa muhogo uliopoa, tone moja la ncha ya njiti ya kiberiti. Kwa Malkia tukakwama. Tulikuwa naye wengi, wa rangi zote, tangu enzi za mkoloni. Nikasema tumtupe, mwalimu hamtaki.

"Yaya," Kulwa akasema, hapana ya kwao, aliyoitumia akiwa amekwisha amua. "Alikuwepo. Tumweke barazani."

Basi Malkia akabandikwa upande wa ndani wa jalada, juu ya ubao wa mninga, nje ya kurasa. Na kwenye ukurasa wa Tabora Kulwa akachora kwa chaki njia nyembamba inayopanda kaskazini, na mwisho wake kibanda kidogo cha mraba, akaandika Igunga. Ndani ya mraba hakuweka kitu.

Ukurasa wetu mzuri kuliko zote ulikuwa na tundu. Nikamwambia aweke hata ule mlima wa Japani uliobaki, unatosha kabisa. Akasema hapana. Nikamwita mvivu, nikamwita mshamba, nikamwambia tutakosa zawadi kwa ajili yake. Alikuwa akichonga chaki iwe na ncha, akaendelea kuichonga.

Ijumaa Mwalimu Sizya akakiweka kitabu juu ya meza yake. Fundi alikuwa amepiga vanishi mara mbili, na bawaba mbili za shaba, alizozing'oa kwenye sanduku bovu, ziling'aa. Mwalimu akafungua jalada, akakutana na Malkia.

"Nilisema simtaki."

"Hayumo ndani, mwalimu," Kulwa akasema. "Yuko barazani."

"Anafanya nini barazani?"

"Ni mgeni, mwalimu."

"Na akiomba maji?"

"Atapewa, mwalimu. Kisha aende."

Mwalimu alikaza midomo, akageukia dirishani kidogo. Aliporudi alifungua ukurasa wa kwanza, na kuanzia hapo hakuinua macho hadi Kongo. Kisha akasema tukiweke katikati ya meza, siyo pembeni.

Saba Saba uwanja ulijaa. Ngoma zilipigwa upande mmoja, na kwetu watu walipanga mstari. Walimu, wanafunzi, wanawake wa sokoni, wote walitaka kumwona kipepeo. Kulwa alieleza, mimi nilifungua kurasa. Wazee wa bao walikuja wakiwa wamevaa kanzu, na yule mmoja akawaambia watu kwa sauti kwamba hizo ndizo bawaba za stempu, na kwamba yeye alikuwepo zilipoagizwa. Mgeni rasmi alitupa mkono. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nikadhani kazi imekwisha.

Ndipo baba mdogo akatokea, vumbi la pamba kwenye nyusi, koti kubwa, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Rama. Kumbe umerefuka."

Kulwa alimsalimu. Maelezo yote aliyowapa wageni yalimkauka. Baba yake akaanza na bawaba. Alilifungua jalada, akalifunga, akalifungua, akisikiliza. Halafu akapita kurasa moja moja kwa kidole kikubwa kisichogusa kitu. Kusoma alikuwa hajui, ila kila alipofika Kulwa alimtajia mji, na yeye alirudia jina. Kwenye Manyoni akasema, "Hapa mzee wetu aliumwa miguu. Alikuwa akituhadithia." Kwenye Tabora akafuata ile njia ya chaki mpaka mwisho.

"Hapa mmejenga, lakini hamna mtu."

"Hapo ni Igunga, baba."

"Na stempu yake?"

"Hatujawahi kupata barua ya kutoka Igunga."

Aliinama juu ya ule mraba. Mimi nilimtazama usoni nikasoma hasira. Nilidhani amekasirishwa na kazi isiyokamilika, nikaharakisha kujitoa. "Nilimwambia aweke ya Japani, baba mdogo. Alikataa."

Akaniangalia. "Japani wana kwao," akasema. "Nimewapita huko mbele."

Alikunywa chai nyumbani, hakugusia jambo lolote. Alipoaga, alisimama mlangoni na mama, Kulwa akiwa nyuma yao na mzigo wake wa nguo umekwisha fungwa kwa kitenge.

"Huyu asubiri kwanza," baba mdogo akasema. "Sijasema abaki. Sijasema aje. Nitatuma jibu."

Mzigo ule Kulwa hakuufungua. Aliusukuma chini ya kitanda, na kila asubuhi alitoa shati na kila jioni akalirudisha. Baba alipoleta bahasha, Kulwa alizipekua mbio kabla hajavua viatu. Aliwauliza madereva wa malori ya Nzega na Igunga, wakamjibu kwamba baba yake mzima, anajenga. Pamba ikaisha, joto likaja, mawingu yakaanza kujikusanya. Nikamwambia baba yake amesahau. Nilisema kama mtu anayejua.

Kisha karatasi ikaja kutoka posta kwamba kuna barua ya Kulwa yenye deni. Mama akatupa shilingi, tukakimbia mpaka tukafika hatuna pumzi. Karani akaitoa chini ya meza kwa vidole viwili.

"Mwambieni ndugu yenu, barua hubandikwa stempu," akasema. "Hii imekuja tupu."

Na kweli ilikuwa tupu. Kwenye pembe ya bahasha palikuwa na muhuri tu, umegongwa juu ya karatasi tupu. Kulwa aliifungulia palepale kwenye ngazi. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi, na ndani ya mikunjo hiyo stempu mpya, safi, haijalambwa. Kwenye karatasi palikuwa na maneno ya penseli, herufi kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimepandana.

KULWA BAKI USOME. STEMPU HII NIMEITUNZA ISICHAFUKE. BABA.

Nilicheka. Stempu ndani ya bahasha, kama mtu anayetembea na viatu mkononi ili visichakae. Mimi niliyetaka bawaba mbili kwa kila stempu, mimi niliyesugua mihuri kwa limau, nilisimama kwenye ngazi za posta nikamcheka baba wa mtu. Kuna vicheko ambavyo ningelipa chochote kuvirudisha kifuani, na hicho ndicho cha kwanza.

Kulwa hakunisikia. Alikuwa akipitisha kidole juu ya zile herufi.

"Huu si mwandiko wa karani," akasema. "Ni mkono wake. Kijijini kuna darasa la watu wazima." Akahesabu kimya, midomo ikicheza, miezi tangu Saba Saba. "Alikuwa anajifunza kwanza."

Nyumbani alifungua mzigo, akatundika shati lake kwenye msumari. Akachukua wembe, akaukata ule muhuri kutoka kwenye bahasha, duara lenye jina Igunga likisomeka vizuri kwa kuwa hapakuwa na picha chini yake, akaubandika ndani ya mraba wa chaki.

"Na stempu yenyewe utaiweka wapi?" nikamuuliza.

Alikuwa amekwisha anza kuandika, herufi kubwa, zilizotengana, ili mtu anayejifunza aweze kuzisoma. Alipomaliza aliilamba ile stempu, akaibandika juu ya bahasha akaikandamiza kwa ngumi, tukarudi posta. Karani akainua muhuri wake.

"Gonga vizuri," Kulwa akamwambia, "isomeke Tabora."